Mzee Festo, Uliniambia Niandike Tatu

Mzee Festo,

Shikamoo. Usifurahi, ni mazoea ya mkono tu. Leo sikuamkii kwa moyo. Nina hasira na wewe, na laiti ungekuwepo ningekuja mpaka kwako Sinza nikagonga mlango, ukatoka na kandambili zako, nikakusema mpaka majirani wafungue madirisha. Lakini hupo. Walikusafirisha Bukoba wakakuzika kwenye migomba ya baba yako, nami sikuwa na ruhusa ya kazi wala ubavu wa kukufuata huko. Kwa hiyo naandika. Sijui barua ya Muislamu inamfikiaje Mkristo aliyekufa, hilo nawaachia wenye elimu yao.

Ni miezi mitatu sasa tangu presha ikuangushe. Ofisi bado iko kwenye nyumba ileile ya kupanga pale Kijitonyama, na mgawo wa umeme umerudi, kwa hiyo kompyuta inazimika katikati ya hesabu na hakuna wa kutukana Kihaya. Kiti chako wamempa mtaalamu wa mfadhili. Anakaa kwenye ukingo kwa sababu kimebonyea upande mmoja, upande wako. Wiki ya kwanza nilikuwa naingia chooni kulia. Wiki hii nimeingia chooni kupiga ukuta ngumi.

Kwa kuwa safari hii huwezi kunikatiza, nitaanza mwanzo.

Shirika letu la umma lilipovunjwa na kila kitu kikawa ruksa, wewe na mimi tulipunguzwa kazi siku moja. Wewe mchumi wa miaka ishirini, mimi karani wa takwimu wa miaka minne. Ukapata mradi. Ukanitafuta mpaka Buguruni, ukanikuta nje ya chumba nilichopanga nakaanga maandazi, ukasema, "Binti, funika hilo karai, tunakwenda kupiga hesabu." Hilo sitalisahau, na ndilo linaloniharibia hasira yangu kila ikitaka kukamilika.

Mradi ulikuwa na swali moja. Wakulima wa pembezoni mwa Dar, kuanzia Kinyerezi mpaka Chanika, wakipanda mbono kaburi, na mbegu zake zikakamuliwa mafuta ya kuendeshea mashine badala ya dizeli, je, kutakuwa na faida? Na je, zile gesi zinazoipasha dunia joto zitapungua? Swali zuri, sina ugomvi nalo. Dizeli ilikuwa inapanda kila shilingi ikishuka, na shilingi ilikuwa haijui kitu kingine. Mama yangu nilipomtajia huo mmea alishangaa. "Mbono kaburi? Si hiyo tunapandaga makaburini?" Nilikuletea maneno yake ofisini ukacheka mpaka ukavua miwani.

Na ulinifundisha, lazima niseme. Ulinifundisha kujenga modeli, ile hesabu kubwa ya kompyuta inayopanga mashamba, nguvu kazi na bei, kisha inakwambia mkulima apande nini apate zaidi. Siku niliyoshindwa kuelewa bei kivuli ulinipeleka kwa mama ntilie wa nyuma ya ofisi. Ukaniambia nimtazame. Ana jiko moja, wateja wamejaa, wengine wanaondoka na njaa. Ukimpa jiko la pili leo, yuko tayari kukulipa kiasi gani? Hiyo ndiyo bei kivuli, ukasema, thamani ya kitu kimoja zaidi cha kile kinachokukwamisha. Kama jiko la pili lingekaa bure bila kazi, bei yake ni sifuri. Nilielewa hapohapo na wali wangu haujaisha. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitu namna ile.

Ndiyo maana siwezi kusema hukujua ulichokuwa unafanya.

Unaikumbuka siku ya kwanza ya madodoso kule Kinyerezi? Swali la tisa liliuliza shamba linatumikaje mwaka huu. Moja, limelimwa. Mbili, malisho. Tatu, halitumiki. Wakulima wakawa wanajibu neno ambalo halikuwemo kwenye karatasi: limelala. Udongo wetu wa pwani ni mchanga. Ukishavuna muhogo mara mbili tatu, shamba unaliacha lijae vichaka, lipumzike miaka minne mitano, ndipo unafyeka tena. Na hata likiwa limelala unaokota kuni humo, unachuma mboga za porini, unapata dawa. Nikakufuata chini ya turubai nikakuuliza, Mzee, limelala niandike ngapi?

Hukuinua hata kichwa. "Lililolala halitumiki. Andika tatu."

Nikakubishia. Nikakwambia mama yangu ana shamba hukuhuku, lina mwaka wa tatu limelala, na akisikia mtu anasema halitumiki atamtoa mbio na mchi. Ukanitazama kwa ile huruma yenu wanshomile, wasomi wa Kihaya, ukaniambia sayansi haiendi kwa mchi. Baadaye nilikuja kuelewa. Kwenu kibanja hakilali. Migomba inazaa tangu babu mpaka mjukuu, inalishwa samadi na majani, na kilicho nje ya kibanja ni nyasi tu. Ukiambiwa ardhi haina zao msimu huu, unaona zile nyasi za kwenu. Kwa hilo sikulaumu, kila mtu ana macho ya kwao. Nakulaumu kwa yaliyofuata.

Niliandika tatu. Niliiandika kwenye nyumba baada ya nyumba, mpaka nikafika kwa mama yangu mwenyewe, nikakaa kwenye kigoda chake, nikanywa chai yake, nikaandika tatu. Ila kwa ubishi wangu, pembeni ya kila tatu ya shamba lililolala nikatia herufi L kwa penseli, ndogo kama sisimizi. Hukuwahi kuniuliza L ni nini. Nikadhani hukuziona.

Basi modeli ikala zile tatu zote. Ikaona maelfu ya ekari zimekaa bure, ikazipa bei kivuli ya sifuri, na kama ardhi ni ya bure, mbono inalipa, nani asijue? Gesi nazo zikapungua vizuri kwenye karatasi. Tukachora ramani, ardhi isiyotumika tukaipaka njano. Ile njano niliichagua mimi. Rasimu ya ripoti ikatoka, ukapongezwa, kisha ukafa.

Wiki sita baada ya kuzikwa kwako, wapimaji wa kampuni moja inayotaka kulima mbono walifika Kinyerezi na nakala ya ramani yetu. Wakapanda mawe yaliyopakwa chokaa kwenye pembe nne za shamba la mama. Mwenyekiti wa mtaa akamweleza kwa upole kwamba wataalamu wamethibitisha shamba halina mtumiaji. Ijumaa ya wiki hiyo nilipokwenda, mama alinipokea bila kunijibu salamu. Akanipeleka mpaka kwenye jiwe, akanionyesha kwa kidole cha mguu.

"Kwani mtu akilala ndo kahama?" akaniuliza.

Yeye hajui kwamba ile tatu ni mwandiko wangu. Anadhani ni watu wa serikali. Nimekula kwake tangu siku hiyo mara nne, na bado sijamwambia.

Mpaka hapo hasira yangu ilikuwa juu yangu mwenyewe. Wewe nilikutetea. Nilisema Mzee alikosea, mwanadamu hukosea, angekuwa hai angerekebisha. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najidanganya mpaka Jumapili iliyopita, mkeo Mama Koku aliponiita nimsaidie kupanga makaratasi yako. Kwenye droo ya chini, chini ya vyeti vya ubatizo vya watoto, nikakuta bahasha ya kaki. Ndani kuna disketi na karatasi ndefu za printa, na juu yake kwa mwandiko wako umeandika: Bila zilizolala.

Nilikaa sakafuni nikasoma. Ulikuwa umerudia modeli yote. Ulikuwa umetoa mashamba yaliyolala kwenye tatu ukayatengea namba yao, nne, na orodha uliyotumia ilikuwa ile ya L zangu. Ulipitia madodoso yote moja moja ukazihesabu. Kumbe uliziona. Kumbe ulijua ni nini. Na majibu yalikuwa wazi kama mchana: ardhi ile ina kazi, ina bei, na ukiilipia bei yake mbono hailipi. Gesi ndiyo mbaya zaidi. Vile vichaka vya shamba lililolala vimebeba kaboni nyingi kwenye miti na kwenye udongo. Ukivifyeka na kuvichoma, unatoa kwa siku chache moshi ambao mafuta ya mbono yatahangaika miaka na miaka kuufidia. Mradi wa kuipoza dunia ungeipasha. Uliyaona hayo, ukayachapisha, ukayakunja, ukayaweka chini ya vyeti vya ubatizo. Tarehe ya karatasi ni wiki mbili kabla ya kukabidhi rasimu.

Wiki mbili, Mzee Festo. Nilikuwa nimekaa mita tatu kutoka kwako.

Halafu nikakumbuka. Katika wiki hizo hizo uliniuliza siku moja, tukisubiri umeme urudi, "Binti, nyumbani wako wangapi wanaokutegemea?" Nikakujibu sita. Ukatikisa kichwa, ukasema mfadhili akipata jibu baya awamu ya pili haipo, na ofisi itafungwa. Nilidhani ni mazungumzo ya kupoteza muda. Kumbe ulikuwa unapiga hesabu yako ya mwisho, na mimi na watu wangu sita ndio tuliowekwa kwenye mzani upande wa pili wa shamba la mama yangu. Nani alikutuma? Nani alikwambia nataka mshahara wa namna hiyo? Ungenieleza, ningekuwa na la kusema. Umenifanya kisingizio bila kunipa hata nafasi ya kukataa, na hilo ndilo linalonichoma kuliko mawe. Unamfundisha mtu bei ya kila kitu, kisha wewe mwenyewe unampangia bei yake kimyakimya.

Nilimwonyesha Mama Koku zile karatasi. Nilimweleza taratibu, kwamba Alhamisi kuna semina ya mwisho Kunduchi, kwenye hoteli, watakuja wafadhili na watu wa wizara na ile kampuni, na mimi nimepangiwa kuonyesha matokeo ukutani tu, nisiongee. Nikamwambia sitaonyesha yale ya zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitenge amejifunika mabegani. Kisha akasema, "Mume wangu hakuacha nyumba, Mwanaidi. Kaacha jina. Na lenyewe unalitaka?"

Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Nilitembea toka Sinza mpaka Magomeni bila kujua natembea. Nilikulaani, Mungu anisamehe, marehemu hasemwi vibaya nami nilikusema barabarani kwa sauti, watu wakanipisha. Ulimwachia mkeo jina, ukaniachia mimi bahasha, na hukujali kwamba siku moja tutakutana sebuleni kwako kila mmoja na chake mkononi.

Sasa nimeamua, na ndiyo sababu ya barua hii, ujue kabla ya wengine.

Alhamisi nitaonyesha karatasi za bahasha. Nimeshazinakili kwenye karatasi za nailoni za kuonyeshea, jina lako juu, langu chini yake. Nitasema haya ndiyo majibu ya mwisho ya Mzee Festo, kwamba alirudi kwenye madodoso, akagundua kosa, akalirekebisha, na kwamba ugonjwa ulimwahi kabla hajayatoa. Vipande vitatu vya kwanza ni kweli tupu. Cha nne nitakisema nikitazama ukuta. Nitasema pia kwamba aliyeandika tatu kwenye shamba la mama yake ni mimi, na jioni hiyohiyo nitapanda kwenda Kinyerezi nimwambie mama kwa mdomo wangu, anipige na mchi kama atapenda.

Huenda mawe yasing'oke. Kampuni ina watu wake na chokaa haina aibu. Huenda Ijumaa nikakuta kitasa cha ofisi kimebadilishwa. Hilo nimewaeleza wote sita nyumbani, mmoja mmoja, na nimewauliza. Nilitaka uone namna swali hilo linavyoulizwa.

Lakini fikiria ukumbi ule, Mzee. Watasoma jina lako, watanong'onezana, na nawajua, mwishoni yule mtaalamu aliyekalia ukingo wa kiti chako atasimama na kuanza kukupigia makofi. Ukumbi mzima utakupigia makofi kwa ujasiri ambao hukuwa nao, na Mama Koku, aliyealikwa kama mjane wako, atakuwa kiti cha mbele na wanao. Mimi nitakuwa nimesimama kando ya mashine, najua ulichokificha, nami nitapiga.

Kwaheri, Mzee Festo. Ninakuahidi jina lako sitaliangusha maadamu mimi ni mzima. Msamaha ni jambo jingine, huo usinidai mapema.

Ni mimi uliyemfundisha,
Mwanaidi