Kiti cha Baba Nilesh

Jumamosi, Kibiti. Mvua imekatika tangu adhuhuri, nguo zangu zinanukia vumbi la mninga, na moyo umetulia.

Leo nimefunga mlango niliouchonga kwa duka la Mama Nilesh kule Nyamwage. Katika kazi zangu zote, huu ndio bora. Nalisema bila haya.

Mumewe alifariki kabla ya Ramadhani. Mjane akataka nichonge sura ya marehemu mlangoni, kila mteja anayeingia amwone. Mimi ufundi nimefundishwa na baba yangu: maua, minyororo, mawimbi. Sura ya kiumbe hatuchongi, ndivyo dini ilivyotulea. Lakini kumwambia mjane hapana kuliniwia vigumu.

Nikakumbuka picha nilizohifadhi kwenye simu, za malango ya mawe ya Sanchi, kule India. Waumini wa Buddha waliyatengeneza yapata miaka elfu mbili iliyopita. Watu, miti na tembo wamechomoza kwenye jiwe kama wanaotaka kutoka. Buddha mwenyewe hayumo. Farasi anaondoka bila mpandaji, na juu yake ameshikiwa mwavuli. Watu wamepiga magoti mbele ya kiti kitupu. Wataalamu bado wanabishana kwa nini hakuchongwa.

Mimi nilihisi nimemwona.

Nikamwonyesha Mama Nilesh.

"Kiti kitupu, mwanangu? Watu si watasema mume wangu nimemsahau?"

"Niachie ubao mmoja tu, Mama. Usipoupenda, naupiga randa."

Nikachonga kiti cha kamba alichokuwa akikalia marehemu nje ya duka, mwavuli juu, kandambili chini, moja imegeukia pembeni kama alivyozoea kuzivua. Nilipunguza mbao iliyokizunguka kidogo kidogo kwa patasi mpaka kiti kikainuka. Mama alipouona akapitisha kidole kwenye ile kandambili. Akalia sana. Kisha akasema, "Nimalizie mlango."

Leo nakaza bawaba ya mwisho, akapita Bi Zuhura, jirani yao muuza korosho. Akasimama kuutazama. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Baba Nilesh."

Mama Nilesh alikuwa ndani anapanga sabuni. Akaitikia yeye.

"Marahaba, Zuhura. Karibu ndani."

Nikageuka, nikajifanya natafuta skrubu.

Nimejiambia kesho nipumzike. Sidhani kama mikono itakubali.