Mgunga Niliokataa Ukatwe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Mlali. Babu yako anakohoa kidogo tu, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Unasema hesabu ulizofanya kwenye kompyuta ya chuoni zinaonyesha kwamba joto likizidi, migunga ya kwetu itakwisha, na unaniuliza kama naamini.

Mwaka nilioolewa, mvua ilikataa kabisa. Baba mkwe akaja na shoka kwenye mgunga wa shambani uliokuwa umepukutika majani yote.

"Umekufa huu. Tuchome mkaa."

Nikakwangua gome kwa ukucha, ndani kukaonekana kijani. Nikasimama mbele ya shina.

"Baba, huu mzima. Haukatwi."

Mke mgeni kumbishia mkwewe! Aliondoka kwa hasira, shoka begani. Lakini mvua iliporudi mti ulichipua, na kiangazi kilichofuata mbuzi wa mkwe mwenyewe walishiba maganda ya mbegu zake.

Sizikatai hesabu zako. Jua ni kali kweli, nalihisi mgongoni. Ila humo umeweka jua na mvua. Je, shoka umeliweka? Na sisi tunaolizuia, umetuweka? Kama hujatuweka, mama, rudia hesabu.

Ni mimi bibi yako, bado nipo shambani.