Mahari ya Athanas kwa shilingi ya Kenya

Tasneem, kaka Athanas kanasa kwa wakwe zake hapa Kariakoo! Nimejificha uani nakuandikia.

Mwaka jana si walikubaliana mahari laki mbili za Kenya? Shilingi yao moja ilikuwa kumi na sita zetu. Leo kaleta milioni tatu na laki mbili, kifua mbele.

Baba mkwe, Mzee Ouko, akatazama simu. "Mwanangu, sasa ni ishirini. Zimepungua laki nane."

LAKI NANE! Kaka akaangalia mlango, mashangazi wamejaa mpaka kizingitini. Mshenga kainamia soda kama hamjui.

"Baba, nimebaki na pikipiki tu."

"Lete funguo."

Akampa, Tasneem! Vigelegele vinapigwa, mchumba wake Leticia analia kwa furaha, na kaka anatabasamu huku jasho linamtiririka. Kesho kazini ataendaje?