Siku Shangazi Alipokuja Kuwaosha Mapacha

Jumamosi. Mawingu yametanda juu ya Dutwa tangu asubuhi na hayataki kuleta mvua. Hewa ni nzito. Hata kuku wamejikunyata chini ya mkokoteni.

Doto amelazwa hospitali, Bariadi mjini. Kifua kimembana tangu juzi. Mama yuko naye, na leo alfajiri baba amewafuata na uji na khanga safi. Nimebaki na Kulwa, ambaye ana miezi minne na hajui kwamba pacha wake hayupo. Au anajua. Leo amelia kuliko siku zote.

Kwetu mapacha hawapokelewi kimyakimya. Ukoo unakusanyika, watoto wanaoshwa kwa dawa na kuvishwa shanga, ngoma inachezwa, na masamva, yaani mizimu ya ukoo, wanaambiwa kwamba wageni wawili wamefika. Baba na mama walikataa. Waliwapeleka kanisani, wakaombewa, tukarudi nyumbani kula wali. Tangu siku ile baadhi ya ndugu wakitusalimia hawatutazami usoni.

Kwa hiyo Doto alipougua, nilijua nani atakuja.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, amefika mchana kutoka Migato, vumbi mpaka magotini, kibuyu kidogo amekifungia kwenye pindo la khanga. Nikapiga goti kumsalimia. Hakuuliza baba yuko wapi. Alijua hayupo; ndiyo maana alikuja.

"Niletee beseni na maji ya uvuguvugu," alisema. "Tumwoshe huyu aliyebaki, kabla hajamfuata mwenzake."

Aliyebaki.

Shajara yangu, wewe unanijua. Darasani nikijua jibu, huwa naliandika pembeni ya daftari kisha nalifuta. Kanisani mama akinisukuma nisimame nitoe shukrani, nasema nina mafua. Sijawahi kumkatalia mtu mzima jambo lolote. Na kusema kweli, leo moyo wangu nusu ulitaka kuleta beseni. Maji ni maji, nilijiambia. Doto akipona, nani atauliza kilichomponya?

Nikamchukua Kulwa kitandani, nikambana kifuani.

"Shangazi, siwezi. Baba na mama hawakutaka."

"Heee! Kumbe na wewe unaongeaga?" Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Baba yako nimembeba mgongoni mimi, huku nachunga ng'ombe. Hivyo vitabu vyako vinajua nini? Mimi nilizaa mapacha, mayu, mama wee. Walicheleweshwa kuoshwa, nikamzika mmoja."

Nilikuwa silijui hilo. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Na huyu wa hospitali akifa," aliniuliza polepole, "utamwambia nini mama yako?"

 

Nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nilipiga magoti palepale sakafuni, nikaomba kwa sauti. Nikasikia maneno ya mama yakitoka kinywani mwangu: Baba, hawa walikuwa wako kabla hawajawa wetu. Kila jioni, tangu nikiwa mdogo, nimepiga magoti katikati ya wazazi wangu huku nikiwaza kitabu nilichokiacha wazi. Nilidhani sisikilizi.

Nilipofumbua macho, shangazi alikuwa ametoka nje. Kibuyu hakukifungua.

Nilijiona shujaa. Nikazunguka chumbani na Kulwa begani, nikingoja simu. Simu ya mama nimeachiwa mimi, ndiyo hii ninayoandikia.

Jioni baba akapiga. Doto bado yuko kwenye oksijeni na homa haijashuka, ila amenyonya kidogo. Nikamsimulia yote haraka haraka, nikisubiri anisifu. Nilisikia mtoto wa mtu mwingine akilia huko wodini.

"Umesimama vizuri, mwanangu," alisema. Kisha: "Shangazi yako amekula?"

Hajala.

Hata maji sikumpa. Ametoka Migato na joto lote lile, nami nimeishika imani kwa mikono miwili mpaka nikakosa mkono wa kumpa kikombe.

Nilimkuta nje kwenye kigoda, anaitazama pamba yetu inayongoja palizi. Nikampa maji, nikamwomba radhi. "Nilifikiri kwa walokole watu hawashikwi na kiu," alisema, akanywa yote. Nikasonga ugali, nikaunga dagaa. Alipokwisha kunawa, alikata tonge, kisha akasita nalo mkononi.

"Si mnaombaga kwanza?" alisema bila kunitazama. "Omba basi. Na Doto umtaje."

Nikamtaja. Nilipomaliza, shangazi hakusema amina.

"Na wangu alikuwa Doto," alisema, akaanza kula.

Sasa hivi ameketi kitandani kwangu, Kulwa amelala mapajani mwake. Nimempa mimi mwenyewe. Kibuyu amekitundika kwenye msumari wa mlango. Simu haijaita tena.

Asanteni, baba na mama, kwa magoti mliyonifundisha kupiga. Asante zaidi, baba, kwa lile swali lako, maana mimi nilidhani imani yenu ni kukataa tu.

Kesho simu italeta habari gani? Sijui. Ila kabla haijaita, nitakuwa nimeshampikia shangazi uji.