Upande Mmoja wa Kanga kwa Mchumba, wa Pili kwa Sanamu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, nawe nakuomba unicheke kwanza ndipo unijibu, kwa sababu hapa Temeke wamekwisha kunicheka wote na hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Mimi ni karani wa bohari huko Kurasini, mzaliwa wa Bukoba, nimesoma hadi sekondari, naandika shajara kila jioni, suruali zangu napiga pasi mwenyewe, nami ni mtu wa mpango katika kila jambo, hata hili nililipanga vizuri na ndiyo maana limeharibika kabisa. Nimepanga chumba kwa Bi Hamisa, mjane mwenye ulimi, na kwa kuwa sina mke wala ndugu mjini hapa, nilijizoeza kupiga hodi mlangoni kwangu mwenyewe kila nirudipo kazini, kabla sijafungua kufuli, kwa mzaha tu, mtu asije akasahau adabu kwa kukosa wa kumfanyia.

Mwaka jana mpiga picha wa mtaani kwetu, Bwana Apolinari, alinunua kamera ya senema kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaamua kutengeneza picha ya kutisha kwa akili yake na mfuko wake, bila kampuni yoyote, na siku moja alipokuja kwa Bi Hamisa akanikuta mlangoni napiga hodi, akasema, "Karani, wewe ndiye ninayekutafuta." Nikamwambia sijui kuigiza. Akasema, "Nani kakwambia uigize? Wewe ishi tu, mie nitaendesha kamera." Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyopata mjini, na katika shajara niliiandika kama sifa.

Picha yenyewe ni ya mtu mpweke anayechonga sanamu ya mwanamke, anaivika nguo, anaitengea sahani, anaisimulia habari za kazini, na kila jioni anaipigia hodi, mpaka jioni moja sanamu inageuza shingo na sauti inamwitikia, "Karibu." Mashine haitoi sauti, hivyo Bi Hamisa husimama nyuma ya shuka la kuonyeshea, ameshika bomba la gramafoni, na anapolitoa hilo "Karibu" lake wanaume wazima huruka kwenye mabenchi. Shingo niliivuta mimi mwenyewe kwa uzi wa kushonea viatu. Nakueleza haya ujue kwamba siri yote naijua. Basi kwa nini, mshauri, naifuata picha hiyo kwa baiskeli kila inakoonyeshwa, Kinondoni, Ukonga, hadi Pugu kwenye matope, na kila shingo inapogeuka natokwa jasho, na kule Pugu nilitokwa machozi nikasingizia moshi, wakati moshi haukuwapo?

Sanamu inakaa chumbani kwangu, kwa sababu paa la Bwana Apolinari linavuja. Siisemeshi, ila kuijulia hali asubuhi, na siku za mshahara kidogo zaidi. Bi Hamisa ameligundua hilo, na siku hizi nikipiga hodi ananijibu kutoka jikoni kwa ile sauti ya kwenye bomba, "Karibuuu, mume wangu," wapangaji wote wanaangua kicheko, na Jumatatu iliyopita nilishtuka nikajimwagia mafuta ya taa kwenye suruali niliyotoka kuipiga pasi.

Sasa nifike kwenye kosa. Tulipoanza kupiga picha, sanamu ilihitaji kanga, nami nikatumwa dukani, na unajua kanga huuzwa doti nzima, pande mbili zilizoshikana, mwenye duka akakataa kuzitenga. Nikafikiri: sanamu ina kiwiliwili kimoja, upande mmoja unaitosha, wa pili utakaa bure, nami wakati huo nilikuwa nimeanza kupeleka posa kwa Yuliana, fundi cherehani kutoka Masasi, anayeishi na shangazi yake karibu na kanisa. Nikaona mtu wa mpango hapotezi kitu. Nikaikata doti katikati, nikakunja pindo mwenyewe, upande mmoja nikaivika sanamu, wa pili nikaufunga kwenye karatasi nikampa Yuliana sikukuu ya Krismasi. Akashukuru, akaniuliza taratibu, "Na upande wa pili?" Nikajibu kwa fahari, "Umehifadhiwa. Utauona." Akatabasamu. Baadaye nimeelewa kwamba alidhani nauweka kwa ajili ya siku ya harusi.

Aliuona kweli. Wiki moja baada ya Pasaka picha ilionyeshwa hapa Temeke, Yuliana akaja na shangazi yake, na kwa kunipa heshima akajitanda kanga ile ile. Shuka likaangaza, na sanamu ikatokea, kubwa kama nyumba, imevaa upande wa pili, maua yale yale, na pindo langu lililokwenda upande, ambalo fundi cherehani hawezi kukosa kulitambua, na maandishi ambayo mimi msomi sikuwa nimeyasoma hata mara moja: WANGU NI WANGU, SIMGAWI. Mwanamke mmoja nyuma akapiga ukelele, "Yuliana, shoga, mke mwenzio huyo!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Shangazi akasimama, akamshika Yuliana mkono, na Bi Hamisa nyuma ya shuka, asiyeona kitu, akatoa sauti yake kwa wakati wake, "Karibuuu." Shangazi akajibu kwa sauti isiyohitaji bomba, "Hatukaribii!"

Kesho yake shangazi alikuja nayo kanga, imekunjwa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitika. Akasema, "Mpe mkeo atimize doti yake. Jibu la posa yako tutalitoa Pentekoste, na mtoto anataka kujua jambo moja tu: akija hapa, atakuja kuwa wa pili?"

Pentekoste imekaribia, mshauri. Bi Hamisa anasema nichome sanamu, Bwana Apolinari ananisihi nisiichome, na mimi nilipoinyanyua juzi niitoe nje nilijikuta naiomba radhi. Yuliana nampenda, na nikimkosa nitarudi kwenye sahani zangu mbili. Niichome, niifiche, au niombe likizo nikajifiche Bukoba?

Wako katika aibu iliyopigwa pasi,
Karani Mpiga Hodi, Temeke

JIBU

Karani, nimekucheka kama ulivyoagiza. Sasa keti.

Mtu mzima na elimu yako unakata doti! Doti hugawana mtu na shoga yake, mama na bintiye, au wake wa bwana mmoja. Yuliana si shoga wa sanamu wala si binti yake. Unadhani alibaki kuwa nani? Hukumpa zawadi, ulimpa taarifa. Na alipokuuliza upande wa pili, mtoto wa watu alikuwa anakufungulia mlango utoke, wewe ukajifungia ndani na ufunguo ukaumeza.

Lakini hutanidanganya kwamba unaifuata sanamu. Sanamu unayo chumbani, bure, bila kukanyaga baiskeli. Unachofuata hadi Pugu ni benchi lenye watu. Jasho halikutoki kwa sababu shingo imegeuka, maana uzi uliushika wewe. Linakutoka kwa sababu mtu amepiga hodi na ameitikiwa. Si wazimu huo, ni ukiwa, na wenye ukiwa mjini hapa ni wengi, ila wengi wao hawakati nguo za watu.

Sanamu usiichome. Ukiichoma, mtaa utasema umemuua mke mkubwa kumpisha mdogo. Ibebe begani mchana kweupe, pita njia kubwa, mrudishie Bwana Apolinari, kisha panda juu ya nyumba yake umsaidie kuziba paa ili pasiwe na kisingizio. Watakaocheka njiani, cheka nao. Doti iache kwa sanamu, pande zote mbili. Ndiyo yake, nayo haina shoga wa kugawana naye. Na usije ukampa Bi Hamisa kwa shukrani. Akili yako nimeshaijua, na maandishi yale umeshayasoma.

Nunua doti mpya. Usiikate. Mchukue Bi Hamisa dukani akusomee na akuchagulie, kwa sababu kiserikali umesoma wewe, kikanga amesoma yeye. Naye ndiye atakayeipeleka baadaye, mwanamke kwa wanawake, ulimi wake ukafanye kazi ya maana safari hii.

Kabla ya hapo nenda mwenyewe, usingoje Pentekoste ikukute. Mwambie shangazi yote uliyoniambia, na machozi ya Pugu usiyaruke, hayo ndiyo yatakayokutetea. Yuliana hakuuliza kama wewe ni mjinga. Hilo ameliona kwenye pindo. Ameuliza kama ana mahali. Mjibu hilo kwanza, kwa maneno machache, ukimtazama.

Ukifika mlangoni, piga hodi. Umezoea hodi isiyo na mwenyewe, na ndani kukiwa kimya miguu itataka kugeuka. Piga ya pili, piga na ya tatu. Na ukisikia "Karibu," karani, usiruke. Ingia.