Maji Niliyoyageuzia Kabichi Zangu

Ndugu yangu Athumani,

Yale majani ya rangi yamefufuka. Nilidhani yamekufa yote, kumbe mizizi ilibaki udongoni. Mvua zilipoanza yakatambaa kando ya mfereji mpaka kwenye ngazi za nyumba kubwa, mekundu, manjano na kijani, na memsabu huwaita wageni wake waje wayaone. Hunisifu mimi. Kila akinisifu nainama kung'oa magugu.

Wewe ndiwe uliyeyapokea siku bwana alipoyaleta kutoka bustani ya Amani, yamefungwa kwenye gunia lililoloweshwa. Ulinifundisha kuyapanda. Ulisema, "Haya hayalilii mbolea, Shabani. Yanalilia maji." Ulipokwenda kumzika mkweo uliniomba jambo moja tu, niyafungulie maji asubuhi na jioni.

Sikuyafungulia. Kiangazi kile kabichi zangu kule bondeni zilikuwa zinanyauka, nikaugeuza mfereji. Siku nne. Uliporudi yalikuwa makavu kama tumbaku.

Memsabu alipouliza, ulimwambia uliniachia mimi kazi hiyo. Nami nikasema hukuniambia neno. Akakufukuza palepale. Uliniangalia, ukalaza jembe chini, ukaenda kuchukua koti lako. Hukubishana. Laiti ungebishana, Athumani.

Ukaenda Bulwa kuchuma chai, kwenye mvua zile zisizokatika, na kifua chako kile. Ulirudi kwa lori, na kutoka barabarani tukakubeba kwa machela. Hukufikisha wiki. Mikono hii hii ndiyo iliyokuteremsha kaburini.

Juzi nilimweleza memsabu ukweli. Akaniambia nirudi kazini. Hivyo tu. Nilitamani anifukuze. Nikaenda kwa mkeo Mwanaidi, nikamweleza naye. Aliendelea kuchambua maharage, hakuinua uso.

"Mimi nilijua," akasema. "Mama yake ndiye hajui. Mpaka leo anaona haya kwa watu, kwamba mwanawe alifukuzwa kwa uzembe."

Sikuwa nimemfikiria mama yako. Hata mara moja.

Kesho, tukitoka msikitini, nitapanda kilima mpaka kwake. Nitamwamkia, na mbele ya majirani zake nitasema kwamba mzembe nilikuwa mimi, na mwongo pia. Akinifukuza nitaondoka. Ijumaa itakayofuata nitapanda tena, nayo itakayofuata, mpaka pasiwe na mtu kilimani pale anayelitaja jina lako vibaya.

Lala salama, ndugu yangu. Msamaha sikuombi kabla sijafika kwake.

Mimi,
Shabani