Stakabadhi Tatu Kwenye Msumari

5 Januari

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limetulia. Huku sote hatujambo, wifi yako anakusalimu sana. Naandika kwenye karatasi kwa sababu najua simu kwako ni ya kuangalia saa.

Dada, nimefukuzwa kazi na kupata kazi ndani ya wiki moja. Jumatatu kampuni ilituita mafundi wote ukumbini, ikatushukuru kwa miaka yetu, ikatupa bahasha. Jumatano wakanipigia: jengo lilelile la ghorofa tisa, lifti zilezile tatu, ufunguo uleule wa chumba cha mashine. Tofauti ni moja tu, mimi sasa si mwajiriwa, ni mkandarasi! Mkataba wa mwaka mmoja, na wakiridhika unaongezwa.

Utamu wenyewe ni huu: zamani mshahara ulikuwa unafika umeshang'atwa. Sasa pesa inaingia nzima. Nimeanza kuulizia bei ya gari la mizigo, hata kama ni kuukuu.

Mdogo wako,
Spana


12 Januari

Mdogo wangu Spana,

Marahaba. Goti halijambo, ila ngazi za benki hazinipendi. Wifi yangu mpe salamu, umwambie asikusikilize habari za gari.

Hongera. Sasa nikuambie usilopenda kusikia. Ile iliyokuwa inang'ata mshahara wako ni kodi, na mwajiri ndiye aliyekuwa anailipa kwa niaba yako. Sasa hakuna wa kuilipa ila wewe. Utaenda ofisi ya kodi, utasema unategemea kupata kiasi gani mwaka huu, usidanganye, nao watakugawia kodi kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Nakujua vizuri. Mkono wako una tundu tangu nilipokutuma dukani ukarudi na kishada cha kurusha angani. Kwa hiyo tufanye hivi: kila ukilipwa, siku hiyohiyo robo ya malipo ije kwenye akaunti yangu. Nitaitunza, na kila awamu nitailipa mwenyewe dirishani, nikutumie stakabadhi. Hata ukiniandikia unalia, sikupi. Nilikaa kwenye hesabu za shule miaka thelathini na moja, nimeliliwa na wakuu wa shule watano.

Na jifunze kuandika kumbukumbu zako. Ukikosea usifute, usipake wino mweupe. Karani hukata mstari mmoja, neno la zamani libaki linasomeka, halafu anasaini pembeni. Anayefuta ana jambo anaficha. Ripoti zako zote za shule nilizisaini mimi, kwenye nafasi ya mzazi, tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na hakuna mwalimu aliyewahi kuuliza.

Dada yako


2 Aprili

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Stakabadhi ya awamu ya kwanza imefika. Nimeitundika kwenye msumari, chumba cha mashine, juu ya meza ya vipuri. Kila nikiinua kichwa naiona, najisikia mtu mzima.

Kutuma hiyo robo kunauma, nisikufiche. Naituma haraka haraka kama mtu anayemeza dawa chungu.

Mdogo wako,
Spana


18 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko? Huku salama.

Kamba za chuma za lifti ya kati zimeanza kukatika nyuzi. Mpya natakiwa kuzinunua mimi, kisha jengo linirudishie baada ya wiki moja. Naomba unipe nusu tu ya pesa uliyotunza, nami nitairudisha kabla awamu haijanifika kooni. Najua nilichokubali, lakini hili si la kishada, Dada. Watu wanapanda lifti hiyo.

Mdogo wako,
Spana


23 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini mko wazima.

Hapana.

Funga hiyo lifti ya kati, ubandike tangazo, watu wapande ngazi. Mwambie meneja wa jengo atoe malipo ya mwanzo ndipo ununue kamba. Mkandarasi ni mtu anayejua kusema hivyo bila kutetemeka.

Dada yako


11 Julai

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Tangazo lilikaa siku sita, meneja alinuna, mwishowe akatoa malipo ya mwanzo. Kamba mpya zimefungwa. Stakabadhi ya pili ipo msumarini. Umeshinda, usinisimange.

Spana


14 Oktoba

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Nimepokea barua ya ofisi ya kodi. Wanasema sijalipa hata awamu moja mwaka huu. Ya Machi hakuna, ya Juni hakuna, ya Septemba hakuna, na faini inaongezeka kila mwezi. Nimeisoma mara nne nikidhani ni ya mtu mwingine, lakini jina ni langu.

Wiki hiihii meneja ameniambia mkataba utaongezwa iwapo tu nitaleta cheti cha ofisi ya kodi kwamba sidaiwi, kabla ya tarehe 30 Novemba. Nisipokuwa nacho, kuna fundi mwingine anasubiri nje.

Dada, kuna nini? Wifi yako alipopita kwako Agosti alirudi akilisifu bati jipya la nyumba yako. Nauliza tu.

Spana


20 Oktoba

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Nawasalimu.

Awamu tatu nimelipa, zote kabla ya siku yake. Stakabadhi unazo. Bati ni la kiinua mgongo changu na lilichelewa miaka saba, mvua ikinidondokea kitandani. "Nauliza tu" ni neno la mtu aliyekwisha kujijibu. Kama una la kusema, liseme.

Nenda na stakabadhi zako ofisi ya kodi.

Dada yako


24 Oktoba

Dada,

Basi nalisema.

Nimekwenda. Nimepanga foleni tangu asubuhi. Karani ameingiza namba yangu ya mlipakodi mbele ya macho yangu, na kwenye kioo cha kompyuta pakatokea sifuri tatu zimepangana. Akaniuliza kama nina uhakika niliwahi kulipa, watu nyuma yangu wakacheka. Stakabadhi sikuzibeba. Za nini? Mtu aliyekaa na mihuri miaka thelathini na moja hashindwi kutengeneza karatasi.

Miezi tisa nimekutumia robo ya jasho langu. Nimevaa viatu vyenye tundu nikipanda juu ya lifti, nikakunyenyekea kwa ajili ya kamba, ukanijibu "hapana" kama unamjibu ombaomba. Kumbe pesa iko juu ya paa! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Usiniandikie tena kunifundisha. Wewe si mama yangu na hukuwahi kuwa.

Mkandarasi


16 Novemba

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali yako, lakini nauliza.

Wiki tatu nilisubiri unijibu kwa ukali. Ukimya wako ulinishinda. Juzi Ijumaa nimezitoa zile stakabadhi msumarini nikarudi kwa yule karani. Ni halali, Dada, zote tatu. Akaweka kidole kwenye namba iliyoandikwa chini ya kiasi, akaniambia, "Hii si yako, bwana. Hii ni ya aliyelipa." Ni yako. Umelipa kodi yangu kwa namba yako ya mlipakodi, mara tatu. Miezi yote hiyo ofisi imekuhesabu wewe, mstaafu, kuwa umelipa kodi ya mkandarasi wa lifti. Na mimi nilikuwa naziangalia kila siku, nasoma kiasi na tarehe basi.

Karani anasema pesa inaweza kuhamishwa kwangu, lakini aliyelipa ndiye anayeomba. Kuna fomu, lazima uisaini mwenyewe, mbele yao. Kuhamisha kunachukua siku kumi za kazi, na kutoka kesho hadi tarehe 30 siku kumi zinatosha kwa kubanana kabisa. Ukichelewa siku moja, nimekosa mkataba.

Jana nilikuja kwako kwa basi la kwanza. Mlango umefungwa. Jirani akasema umeondoka na mkoba tangu Jumanne, hajui wapi. Nimekaa kizingitini hadi saa kumi. Barua hii naituma kwake kwa dereva wa basi la leo, usiku huu huenda ukarudi, au usirudi.

Yale niliyoyaandika siwezi kuyameza tena. Nisamehe. Kama huwezi kunisamehe, saini tu fomu, halafu usinisamehe.

Mdogo wako,
Spana


27 Novemba

Dada,

Shikamoo. Bado hujajibu, nami sijui kama unasoma.

Wiki yote nimekwenda ofisi ya kodi kila asubuhi kuuliza kama umefika. Leo karani ameniita kabla sijakaa, akanipa cheti. Sidaiwi. Faini wameifuta kwa kuwa pesa ilikuwa kwao muda wote. Nikamuuliza, "Dada yangu amekuja lini?" Akasema faili lilikuwa kwa wanaohamisha pesa, limeshuka dirishani leo tu, akaligeuza kunionyesha fomu. Imesainiwa tarehe 12. Siku nne kabla ya barua yangu ya kuomba msamaha, wakati mikononi ulikuwa na barua yangu ile nyingine tu.

Kuna sehemu wanauliza uhusiano wako na mwenye kodi. Uliandika "Mama". Kisha ukakata mstari mmoja, ukaandika "Dada", ukasaini pembeni. Neno la kwanza linasomeka.

Nimelia pale dirishani, Dada, mbele ya foleni ileile. Karani akanipa karatasi ya kupangusa akadhani ni furaha ya cheti.

Mdogo wako,
Spana


3 Desemba

Mdogo wangu Spana,

Marahaba. Mimi mzima, goti tu ndilo lililokasirika kwa foleni za mjini.

Kosa ni langu. Barua yako ilipofika nililia siku mbili, kisha nikatoa nakala zangu kukuthibitishia ubaya wako, nikakuta ubaya wangu. Pale benki mkono uliandika namba unayoijua. Ni namba niliyoijaza miaka yote ya kazi, na macho yakaona sawa. Niliona aibu kuliko hasira. Karani mzima! Nilikwenda bila kukuambia kwa sababu nilitaka kosa lisahihishwe kabla hujalijua. Nikalala kwa rafiki yangu wa zamani siku tano, mitaa miwili tu kutoka kwako. Jioni moja nilipita mlangoni, nikasikia unawafokea watoto waoge, nikarudi. Barua yako ya msamaha niliikuta kwa jirani niliporudi nyumbani, ila sikutaka kukujibu kabla cheti hakijatoka.

Awamu ya mwisho ni tarehe 31. Hiyo utalipa mwenyewe, kwa namba yako, nami nitakuja kusimama pembeni nikuangalie. Robo ya malipo utaitunza mwenyewe kuanzia Januari. Tundu la mkono wako limeziba, nimeona kwenye hesabu. Hukuwahi kuchelewa hata siku moja.

Ndani ya bahasha hii nakurudishia barua yako ya tarehe 24 Oktoba. Sentensi ya mwisho ina kosa, na siwezi kuiweka kwenye faili ilivyo. Usiichane wala usiifute. Kata mstari mmoja, saini pembeni, uje nayo tarehe 31.

Dada yako